Maji ya Kifuani Yasimwagwe: Kupima Vinasaba Katika Majimaji ya Mwili ili Kuongoza Tiba ya Saratani ya Mapafu

Mama mmoja wa makamo, mkazi wa Mkolani jijini Mwanza, anafika kliniki akiwa na kikohozi cha miezi tisa. Hajawahi kuvuta sigara. Tangu utotoni amepikia kuni na mkaa. Ametumia dawa za kifua kikuu kwa miezi sita mfululizo, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vimelea hata mara moja. Mara mbili kifua chake kimejaa maji, mara mbili maji yametolewa kwa sindano, na mara zote mbili, baada ya mgonjwa kupata nafuu ya kupumua, maji hayo yamemwagwa. Sasa yamejaa tena. Kijana wake aliyemsindikiza anauliza swali moja tu: “Daktari, na kama ni saratani, dawa ipo?”

Mgonjwa huyu ametungwa kwa ajili ya somo hili, lakini ni wachache miongoni mwa watumishi wa afya wa Kanda ya Ziwa watakaoshindwa kumtambua. Jibu la swali la kijana wake linategemea kile ambacho tayari kimetolewa kifuani mwa mama yake mara mbili na kupotea. Somo hili linaeleza kilichomo ndani ya majimaji hayo, namna kinavyoweza kuongoza uchaguzi wa dawa, na mambo ambayo mtumishi wa zahanati, kituo cha afya au wodi anapaswa kuyafanya ili majimaji yafike maabara yakiwa na thamani yake.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza: kueleza kwa nini vipande vya vinasaba vya saratani huonekana katika damu na katika maji ya kifuani, kutaja mabadiliko ya jeni ambayo kugunduliwa kwake hubadilisha tiba, kukusanya na kutunza sampuli ipasavyo, na kutafsiri majibu bila kumpotosha mgonjwa.

Saratani iliyojificha nyuma ya kifua kikuu

Saratani ya mapafu ndiyo inayoongoza kwa kuua miongoni mwa saratani zote duniani. Katika mwaka 2022 pekee, wagonjwa wapya walikadiriwa kufikia milioni 2.5, na vifo milioni 1.8. Katika nchi ambazo kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku, saratani hii ina maficho mazuri kuliko kwingineko, kwa kuwa dalili za magonjwa haya mawili ni zilezile: kikohozi kisichokoma, kukonda, makohozi yenye damu, maumivu ya kifua, kivuli katika picha ya eksirei, na maji katika utando wa pafu.

Daktari anayeanza na kifua kikuu hakosei. Ugonjwa huo ni wa kawaida zaidi, unatibika, na kuuchelewesha kunaua. Kosa huanza pale ambapo vipimo havikuthibitisha vimelea, dawa hazikuleta nafuu, na bado fikra haibadiliki. Kipimo cha vinasaba vya vimelea kwa mashine ya GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2010, hufanya kazi nzuri katika makohozi, lakini katika maji ya kifuani hukosa wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Kwa hiyo jibu hasi katika maji hayo halikanushi kifua kikuu, wala halithibitishi saratani. Linachosema ni kwamba swali bado liko wazi, na mwenye swali lililo wazi hamwagi sampuli.

Dhana nyingine inayochelewesha ugunduzi ni kwamba saratani ya mapafu ni ugonjwa wa wavuta sigara peke yao. Sigara ndiyo sababu kuu, lakini si sababu pekee. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na madirisha ni miongoni mwa visababishi vinavyotambulika. Tena, mabadiliko ya jeni ambayo yana dawa maalumu huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara. Basi mama wa Mkolani, ambaye historia yake inamwondoa katika fikra za wengi, ndiye hasa mgonjwa ambaye kipimo kinaweza kumfaa kuliko wote.

Kilichomo ndani ya majimaji

Kila seli ya mwili inapokufa, vinasaba vyake hukatikakatika na kumwagikia katika majimaji yanayoizunguka. Sehemu ya vipande hivyo huingia katika damu na kuelea katika utegili, yaani ile sehemu ya maji ya damu inayobaki baada ya seli kuondolewa. Kila kipande ni kifupi mno, takribani herufi 166 za DNA, nacho hakidumu: ndani ya saa chache ini na figo huwa vimekwisha kukiondoa. Kwa sababu hiyo, utegili uliochukuliwa leo hueleza hali ya leo ya ugonjwa, si ya mwezi uliopita.

Jambo hili si geni. Mandel na Métais, watafiti wa Ufaransa, walieleza kuwapo kwa asidi za vinasaba katika utegili wa binadamu mwaka 1948, kabla umbo la DNA halijafahamika. Mwaka 1977 Leon na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa saratani wana vipande hivyo kwa wingi kuliko watu wenye afya. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni mashine zenye uwezo wa kutambua kipande kimoja cha saratani kilichochanganyika na maelfu ya vipande vya kawaida.

Maji ya kifuani yana utajiri wa aina mbili. Kwanza, seli za saratani zenyewe hudondoka kutoka katika utando wa pafu na kuelea humo zikiwa nzima, hivyo daktari wa patholojia anaweza kuziona kwa hadubini na kutaja aina yake. Pili, seli zilizokufa huacha vipande vya DNA katika maji hayohayo, mara nyingi kwa wingi kuliko katika damu, kwa sababu chanzo chake kiko jirani. Kwa mgonjwa ambaye uvimbe wake uko mahali pa hatari kuchukuliwa kinyama, au ambaye hana nguvu za kuingiziwa kamera katika njia ya hewa, majimaji haya huwa ndiyo njia iliyo karibu zaidi.

Afrika Mashariki si mgeni wa njia hii

Wapo wanaodhani kwamba kupima vinasaba vya saratani katika damu ni anasa ya nchi tajiri. Mifano miwili inapinga dhana hiyo.

Wa kwanza ni saratani ya damu iitwayo CML. Ugonjwa huu hutokana na kuungana kwa jeni mbili, BCR na ABL, na dawa ya imatinibu hulenga muungano huohuo. Nchini Tanzania wagonjwa wamekuwa wakipata dawa hiyo bila malipo kupitia mpango wa kimataifa wa msaada, huduma ikitolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kipimo cha muungano huo hufanywa kwa damu, na kipo hata cha kutumia mashine ya GeneXpert, aina ileile inayopima makohozi ya kifua kikuu.

Wa pili ni limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya na tumbo unaowapata watoto, hasa katika maeneo yenye malaria nyingi kama ya kuzunguka Ziwa Viktoria. Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kuona kirusi katika seli za uvimbe huo. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Tanzania, Uganda na Chuo Kikuu cha Oxford wameshirikiana katika utafiti uitwao AI-REAL, unaotafuta vipande vya DNA ya uvimbe na ya kirusi hicho katika damu ya mtoto, ili ugunduzi usisubiri majibu ya kinyama. Njia inayozungumziwa katika somo hili, basi, imekwisha kupita katika ardhi hii.

Kwa nini jina la jeni hubadilisha dawa

Jeni iliyo muhimu zaidi kwa somo hili huitwa EGFR. Hutoa maelekezo ya kutengeneza kipokezi kilichoko juu ya seli, ambacho kazi yake ni kupokea amri ya kukua. Jeni hiyo inapobadilika, kipokezi hubaki kikiamuru ukuaji bila kupokea amri yoyote, mithili ya kengele iliyokwama ikilia usiku kucha. Mabadiliko mawili, upungufu katika sehemu ya 19 ya jeni na badiliko la herufi moja katika sehemu ya 21 liitwalo L858R, hufanya zaidi ya asilimia 80 ya mabadiliko yote ya EGFR yanayoonekana katika saratani ya mapafu. Mwaka 2004 ilibainika kwamba wagonjwa wenye mabadiliko haya ndio waliokuwa wakipata nafuu ya kushangaza kwa vidonge vya gefitinibu.

Utafiti wa IPASS, uliochapishwa mwaka 2009, ndio unaopaswa kukumbukwa na kila mtoa tiba. Ulifanywa Asia ya Mashariki kwa wagonjwa 1,217, karibu wote wakiwa watu wasiowahi kuvuta sigara. Wenye mabadiliko ya EGFR waliopewa gefitinibu walikaa miezi 9.5 kabla ugonjwa haujasonga mbele, ikilinganishwa na miezi 6.3 kwa waliopewa tiba kemikali. Lakini wasio na mabadiliko waliopewa vidonge hivyohivyo walikaa mwezi mmoja na nusu tu, ilhali wenzao wa tiba kemikali walikaa miezi 5.5. Dawa ni moja, na sura ya wagonjwa ni moja. Kilichowatofautisha ni jeni. Hii ndiyo sababu haifai kumpa mgonjwa vidonge hivi kwa kukisia kwamba “hakuvuta sigara, huenda zikamfaa”. Kisio hilo linaweza kumnyima miezi ambayo hatairudishiwa.

Dawa zimeendelea kuboreshwa. Osimertinibu, katika utafiti wa FLAURA, iliuzuia ugonjwa kwa miezi 18.9 ikilinganishwa na miezi 10.2 ya vidonge vya kizazi cha kwanza. Bei yake bado ni kubwa. Hata hivyo erlotinibu iliingizwa mwaka 2019 katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani, gefitinibu na afatinibu zikitajwa kuwa mbadala wake. Kuingia katika orodha hiyo hakumaanishi kwamba dawa ipo katika kila duka, lakini kunaipa kila nchi hoja ya kuiagiza. Zipo jeni nyingine, kama ALK na ROS1, ambazo nazo zina dawa zake. Maabara yenye uwezo huzipima kwa pamoja.

Kukusanya sampuli: mahali ambapo kipimo huokolewa au huharibiwa

Maabara ya kisasa haiwezi kurejesha kilichopotea wodini. Hatua zifuatazo hazihitaji mashine kubwa.

Maji ya kifuani. Yanapotolewa, hata kama lengo ni kumpunguzia mgonjwa shida ya kupumua, yahifadhiwe angalau mililita 50 katika chombo safi chenye jina, tarehe na saa. Yasiachwe dirishani, yawekwe katika jokofu la kawaida, bila kugandishwa, na yafike maabara siku hiyohiyo. Huko yatazungushwa katika mashine. Seli zitakazotuama chini zitatiwa katika fomalini na kutengenezwa mche wa nta kwa ajili ya hadubini na kipimo cha jeni. Maji ya juu, yenye vipande huru vya DNA, yatagandishwa na kutunzwa. Sehemu nyingine ipelekwe kupimwa kifua kikuu. Sindano moja hujibu maswali mawili.

Damu. Zichukuliwe takribani mililita 10 katika vichupa vyenye kifuniko cha zambarau, vigeuzwe taratibu mara kadhaa, visitikiswe. Utegili utengwe ndani ya saa nne, kisha uzungushwe mara ya pili ili kuondoa mabaki ya seli, na ugandishwe. Damu nzima isigandishwe kamwe: seli nyeupe zitapasuka, zitamwaga vinasaba vyake vya kawaida, na vipande vichache vya saratani vitazama humo kama chumvi iliyotupwa ziwani. Vipo vichupa maalumu vinavyohifadhi damu kwa siku kadhaa bila kuhitaji baridi. Navyo hufaa pale ambapo safari ni ndefu.

Msomaji atatambua kwamba mlolongo huu si mpya kwake. Kupima wingi wa virusi vya UKIMWI kwa utegili hufuata njia hiyohiyo: kichupa cha zambarau, mashine ya kuzungusha, utegili, sanduku la baridi, dereva wa pikipiki au gari la sampuli. Mtumishi aliyezoea kazi hiyo amekwisha kupata sehemu kubwa ya ujuzi unaohitajika hapa.

Wakati wa kuchukua. Damu ichukuliwe kabla ya kuanza tiba, au pale ugonjwa unapoanza kusonga tena. Dawa inapofanya kazi vizuri, saratani huacha kumwaga vipande, na jibu hasi la wakati huo halina maana.

Kusoma majibu

Jibu chanya. Badiliko la EGFR likionekana katika utegili au katika maji ya kifuani ya mgonjwa ambaye saratani yake imethibitishwa na daktari wa patholojia, linaaminika, na tiba inaweza kuanza. Kipimo cha kwanza cha aina hii kwa damu kiliidhinishwa Marekani mwezi Juni 2016. Lakini izingatiwe kwamba kipimo cha jeni hakichukui nafasi ya hadubini: kinataja dawa, hakitaji aina ya saratani.

Jibu hasi. Hapa ndipo wengi hupotoka. Kati ya wagonjwa 10 ambao uvimbe wao una badiliko, damu inaweza kuwakosa watatu hivi, hasa wale ambao ugonjwa wao bado umo kifuani tu na haujafika kwenye ini au mifupa. Kwa hiyo jibu hasi la damu halimaanishi kwamba badiliko halipo. Humaanisha kwamba halikuonekana. Hatua inayofuata ni kupima maji ya kifuani au kuchukua kinyama, si kumwambia mgonjwa kwamba hana dawa.

Jibu lenye utata. Kadiri mtu anavyozeeka, baadhi ya seli za damu yake hujipatia mabadiliko ya jeni yasiyohusiana na uvimbe. Maabara inayopima jeni nyingi kwa pamoja inaweza kuyaona na kuyaripoti. Jeni kama TP53 ikitajwa peke yake isichukuliwe mara moja kuwa ni sauti ya saratani ya mapafu.

Jibu la usugu. Baada ya miezi kadhaa ya vidonge vya kizazi cha kwanza, uvimbe hujifunza kuikwepa dawa. Kwa takribani nusu ya wagonjwa, njia ya kukwepa ni badiliko liitwalo T790M, ambalo linaweza kuonekana kwa damu bila kumrudisha mgonjwa kwenye sindano ya kifua, na ambalo osimertinibu hulikabili.

Onyo kuhusu rifampisini

Jambo moja linawahusu zaidi madaktari wa maeneo yenye kifua kikuu. Rifampisini huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Erlotinibu, gefitinibu na osimertinibu zote hupungua sana katika damu ya mgonjwa anayemeza rifampisini. Mgonjwa anaweza kupimwa sawasawa, akapewa dawa sahihi, na bado isimfae kwa sababu dawa za kifua kikuu, ambazo hakuwahi kuthibitishwa kuzihitaji, hazikusimamishwa. Kabla ya kidonge cha kwanza, orodha ya dawa zote ipitiwe. Na kama kifua kikuu kimethibitishwa kweli, mpango wa tiba upangwe kwa pamoja na madaktari wa pande zote mbili.

Je, kupima pasipo dawa kuna maana?

Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa maneno matamu. Mgonjwa hapaswi kuuza ng'ombe ili alipie kipimo ambacho jibu lake halitambadilishia chochote. Kabla ya kutuma sampuli, mgonjwa na ndugu zake waelezwe gharama, muda wa kusubiri, na iwapo dawa inaweza kupatikana kwa bima, kwa msaada au kwa kununua.

Hata hivyo, hatua ya kwanza haihitaji jeni yoyote. Seli za saratani zikionekana katika maji ya kifuani, hilo peke yake husitisha miezi ya dawa zisizofaa, huruhusu rufaa ya mapema kwenda Hospitali ya Kanda Bugando au Ocean Road, na humpa mgonjwa haki ya kujua anaugua nini. Mche wa nta uliotunzwa vizuri unaweza kupimwa jeni wakati wowote njia ya dawa itakapofunguka. Sampuli iliyomwagwa haina wakati mwingine.

Hitimisho

Kwa kijana wa Mkolani, jibu la kweli ni hili: dawa inaweza kuwapo, lakini haijulikani ni ipi mpaka maji ya kifuani mwa mama yapimwe. Safari hii sindano inapoingia, muuguzi ameandaa chombo chenye jina na saa, fomu imejazwa “kifua kikuu hakikuthibitishwa, tafuta seli za saratani, tunza kwa kipimo cha jeni”, na sanduku la baridi liko mlangoni. Hakuna lolote kati ya hayo lililo nje ya uwezo wa hospitali ya wilaya.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa ametumia dawa za kifua kikuu kwa miezi miwili bila nafuu, na vimelea havijawahi kuonekana. Maji ya kifuani yanapotolewa, yagawanywe vipi, na yapelekwe kupimwa nini?

2. Kwa nini damu nzima haigandishwi kabla ya kutengwa utegili?

3. Majibu ya damu yanasema badiliko la EGFR halikuonekana. Mgonjwa aelezwe nini, na hatua inayofuata ni ipi?

4. Mgonjwa mwenye badiliko la EGFR anakaribia kuanza erlotinibu. Ni dawa gani ya kifua kikuu inayopaswa kuulizwa kwanza, na kwa nini?